Filamu za kivita za kizalendo: mnakaguaje propaganda iliyomo?

Kurunzi

Wakuu, habari za jioni.

Naandaa mjadala wa klabu ya filamu, watu kama arobaini, wengi wao wanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni. Mada ni filamu za kivita za kizalendo kama chombo cha propaganda. Nimechagua mbili ambazo zote zimewekwa Afrika: *Black Hawk Down* (2001) ya Ridley Scott na *Wolf Warrior 2* (2017) ya Wu Jing.

Mijadala ya namna hii huishia kwenye "Wamarekani waongo" na "Wachina nao ni walewale", muda unakwisha na hakuna aliyeondoka na ujuzi wowote. Mimi nataka waondoke wanajua kukagua. Naomba msaada kwa haya:

1. Jeshi linaposaidia filamu, mambo yanapitia hatua gani na nani anamlipa nani?
2. Alama za mkono wa serikali zinaonekana kwenye filamu yenyewe, au mpaka upate nyaraka?
3. Nionyeshe vipande gani? Ukumbi tunao kwa saa tatu tu.

Pia nimeona pengi imeandikwa kwamba *Top Gun*, ile filamu ya marubani wa kivita, iliongeza uandikishaji wa jeshi la majini la Marekani kwa asilimia 500. Niitumie kwenye tangazo?

---

Riili Kumi na Sita

Mkuu, anza na vifaa na fedha, itikadi itajileta yenyewe. Meli ya kubeba ndege haikodishwi sokoni. Ukitaka ndege vita halisi iruke kutoka sitaha halisi, mwenye nayo ni mmoja, na yeye ndiye anayesoma mswada wako kabla hajakupa.

Kwa Marekani utaratibu umeandikwa, ni agizo namba 5410.16 la Wizara ya Ulinzi. Mtayarishaji anapeleka mswada mzima pamoja na orodha ya anachotaka: aina ya ndege, idadi ya askari, kambi, tarehe. Anaupeleka kwenye ofisi ya tawi la jeshi linalohusika, na matawi yameweka ofisi Los Angeles kwa kazi hiyohiyo. Maoni yanarudi, mswada unarekebishwa, ndipo Pentagon, yaani makao ya Wizara hiyo, inaidhinisha na mkataba wa msaada unasainiwa. Siku za kupiga picha afisa mshauri anakuwepo. Akiona kilichokubaliwa kimegeuzwa, anatoa taarifa na msaada unaweza kusimamishwa. Mwishoni jeshi linaonyeshwa filamu wakati bado inaweza kukatwa na kuungwa, yaani kabla uhariri haujafungwa.

Kuhusu malipo, wengi hudhani ni bure. Mtayarishaji hulipia gharama za ziada, zile ambazo jeshi lisingeziingia kama filamu isingekuwepo: mafuta, saa za kuruka nje ya ratiba, usafirishaji. Mishahara ya askari na mazoezi ambayo yangefanyika vyovyote vile halipi. Kwa *Top Gun: Maverick* (2022) saa moja ya kurusha ndege vita ya F/A-18 ilitozwa dola 11,000 na kitu. Kwa bajeti ya filamu kubwa hiyo ni hela ndogo sana, na hapo ndipo watayarishaji wanaponaswa.

Hutakuta kifungu kinachosema "lazima mtusifu". Lugha yake ni laini: jeshi lionyeshwe kwa uhalisia wa kuridhisha, filamu imsaidie raia kulielewa jeshi, na inaweza kufaa katika kuandikisha askari na kuwafanya wabaki. Mvutano wote umo ndani ya hilo neno "uhalisia". *Top Gun* ya 1986 ni mfano mzuri. Mpenzi wa stelingi kwenye mswada wa awali alikuwa mwanajeshi, akageuzwa mtaalamu wa kiraia kwa sababu mahusiano ya afisa na askari wa cheo cha chini jeshini yamepigwa marufuku. Kifo cha Goose, mwenzake wa ndege, kwenye mswada huo kilitokana na ndege mbili kugongana angani. Jeshi la majini likaona ajali zimezidi, kikabadilishwa kuwa ajali wakati wa kuruka nje ya ndege. Ukiyatazama mabadiliko hayo moja moja, kila moja lina sababu ya kawaida kabisa. Yaweke pamoja ndipo utaona jeshi ambalo ndani yake hakuna kinachoharibika kwa kosa la wakubwa.

Waangalie na waliokataliwa. *Apocalypse Now* (1979) ilinyimwa msaada. Coppola akatumia helikopta za jeshi la Ufilipino la enzi za Rais Marcos, na mara kwa mara ziliitwa katikati ya kazi kwenda kupigana na waasi. *Platoon* (1986) nayo ilinyimwa, ikapigwa Ufilipino vilevile. Zote mbili zilitengenezwa na zikaonyeshwa Marekani bila mtu kukamatwa. Silaha ya Pentagon ni gharama: anayekubali marekebisho anapiga picha kwa urahisi, anayekataa atafute jeshi la nchi nyingine.

Swali lako la pili: subiri hadi majina ya mwisho kabisa, yale ambayo watu hutoka nje wakati yanapita. Tafuta shukrani kwa Wizara ya Ulinzi, jina la kikosi, afisa mradi, mshauri wa kijeshi. Yakiwepo, kulikuwa na mkataba. Yasipokuwepo usikimbilie kusema filamu ni huru, hilo ni suala jingine.

---

Kariakoo hadi Eastleigh

Nichukue *Black Hawk Down* peke yake, ile ya mapigano ya askari wa Marekani Mogadishu, Somalia, Oktoba 1993, maana hii inatugusa.

Usihangaike kwanza na dakika tisini za risasi. Nenda kwenye maandishi ya ufunguzi. Yanataja njaa iliyoua watu 300,000. Yanataja wanajeshi 24 wa Pakistan waliouawa Juni 1993. Halafu yanaruka hadi mwishoni mwa Agosti, Rangers na Delta Force, vikosi maalumu vya Marekani, wanapoletwa Mogadishu. Julai haimo.

Tarehe 12 Julai 1993 helikopta za Marekani zilipiga kwa makombora nyumba moja mjini Mogadishu ambamo wazee na viongozi wa Habar Gidir, ukoo wa mbabe wa vita Mohamed Farrah Aidid aliyekuwa akiwindwa na Wamarekani, walikuwa kwenye kikao. Msalaba Mwekundu ulitaja vifo 54. Umati wenye hasira ukawaua waandishi wanne waliofika kupiga picha: Dan Eldon, Hos Maina, Anthony Macharia na Hansi Krauss. Maina na Macharia walikuwa Wakenya, Eldon alikulia Nairobi. Wasomali wengi waliokuwa hawamuungi mkono Aidid waligeuka baada ya siku hiyo. Sasa ukiifuta Julai, mtazamaji anaona maelfu ya watu wanamiminika barabarani Oktoba 3 kuwavamia wageni waliokuja na chakula, na hajui kwa nini. Hakuna sentensi moja ya uongo katika maandishi yale. Kazi yote imefanywa na pengo la miezi miwili, na kwangu hili ndilo la kuwafundisha hao vijana kuliko lolote.

Kisha ruka hadi maandishi ya mwisho. Wamarekani 19 wanatajwa majina, mmoja mmoja. Wasomali ni "zaidi ya 1,000", basi. (Waliouawa kwenye mapigano yenyewe ni 18, wa kumi na tisa aliuawa siku chache baadaye kwa kombora la mota kambini. Washiriki wako watauliza.)

Vitu vingine vya kukagua:

Waokoaji. Msafara uliowatoa Rangers usiku ule ulitegemea magari ya deraya aina ya Condor ya Malaysia na vifaru vya Pakistan. Mwanajeshi mmoja wa Malaysia alikufa. Kwenye filamu wanapita kama kivuli, na Malaysia walilalamika waziwazi.

Wachezaji. Osman Ali Atto, mfadhili wa Aidid, amechezwa na George Harris, na Firimbi, mtu mwingine wa Aidid, amechezwa na Treva Etienne, wote wa Uingereza. Mtaa wa Mogadishu ni Salé na Rabat, Morocco. Nyuso, lahaja, hata namna ya kutembea si ya Wasomali, na kwa mtazamaji wa Minneapolis au Tokyo hilo halionekani kabisa.

Mkataba. Jeshi lilipeleka Morocco helikopta nane pamoja na marubani wa kikosi kilekile cha helikopta, cha 160, kilichopigana Mogadishu. Mhusika anayeitwa Grimes ametokana na askari halisi ambaye wakati filamu inatengenezwa alikuwa gerezani kwa kosa la kumbaka mtoto. Jeshi liliomba jina libadilishwe. Ushujaa ukabaki, mwenyewe akaondolewa.

---

Bandari Salama

Naongeza upande wa China, maana ukitumia vipimo vya Pentagon huko utapotea.

Marekani jeshi linauza huduma na serikali haikati leseni ya filamu. China kila filamu inahitaji kibali cha serikali kabla ya kuingia ukumbini, mswada au muhtasari wake hupelekwa mapema, na tangu 2018 usimamizi wa filamu uko chini ya Idara ya Uenezi ya Chama moja kwa moja. Kwa hiyo swali la "je, serikali iliingia?" halina maana. Uliza iliingia kwa kiwango gani, na filamu ilipewa tarehe gani.

Tarehe ni ushahidi ambao watu huudharau. *Wolf Warrior 2* ilitoka Julai 27, 2017. Majira ya joto ni kipindi ambacho filamu kubwa za Hollywood kwa kawaida huzuiwa ili za ndani zipate nafasi. Siku tano baadaye, Agosti 1, Jeshi la Ukombozi la Umma, yaani jeshi la China, lilitimiza miaka 90, na siku hiyohiyo China ilizindua rasmi kambi yake Djibouti, ya kwanza nje ya nchi. Mapato yalizidi yuan bilioni 5.6. Huwezi kununua tangazo la namna hiyo.

Msingi wake una ukweli: mwaka 2011 China ilihamisha raia wake zaidi ya 35,000 kutoka Libya, na 2015 manowari zake ziliwachukua watu Aden, Yemen, wakiwemo wageni zaidi ya 200. Angalia filamu inavyoutumia. Nchi ya Kiafrika haina jina. Kuna waasi, kuna ugonjwa wa mlipuko, kuna kiwanda cha Wachina, na mhalifu mkuu ni mamluki wa Kizungu. Karibu na mwisho stelingi anapita katikati ya pande mbili zinazopigana akiwa amepandisha bendera ya China mkononi, na wote wanaacha kufyatua. Inafungwa kwa picha ya pasi ya kusafiria yenye maneno ya kumhakikishia raia kwamba nyuma yake kuna taifa lenye nguvu. Pasi halisi haina maneno hayo.

Tazama pia manowari: kamanda anangoja idhini kabla ya kurusha makombora, anaumia, anangoja. Watu huona ni mbwembwe za kuongeza machozi. Mimi naona ndilo tukio la kisera zaidi katika filamu nzima, kwa sababu linamwambia mtazamaji wa nje kwamba sisi hatuingilii hovyo kama wale wengine.

Na ili washiriki wasidhani mifumo hii miwili ni sawa kabisa: *The Battle at Lake Changjin* (2021) ilitengenezwa kwa maelekezo ya Idara ya Uenezi. Mwandishi wa habari Luo Changping aliandika mtandaoni maneno ya kuwadhihaki askari wa China wanaosifiwa humo. Mei 2022 alihukumiwa kifungo cha miezi saba. Kuikosoa *Top Gun* hakujawahi kumpeleka mtu jela. Hilo lisemwe bila kumung'unya.

---

Kurunzi

Ahsanteni sana, hili la Julai 1993 litakuwa kiini cha mjadala.

Swali la nyongeza: kuna filamu kama za Rambo ambazo hazikuwa na mkataba na jeshi. Zinaingia kwenye propaganda au la? Na je, kuna mfano wa kwetu, Afrika Mashariki?

---

Mhariri wa Usiku

Zinaingia, na hapa natofautiana kidogo na waliotangulia. Mkataba ni ushahidi wa nani alishika kalamu. Hauthibitishi filamu inamfanyia nini mtazamaji. *Rambo: First Blood Part II* (1985) ilipigwa Mexico bila msaada wa Pentagon. Ile helikopta ya Kisovieti ni Puma ya Ufaransa iliyovalishwa mabati. Bado ilieneza dhana kwamba vita ya Vietnam ilisalitiwa na wanasiasa na kwamba mateka bado wapo, bila serikali kutoa hata lita ya mafuta. Soko likiutaka ujumbe, serikali haina haja ya kuulipia.

Kwa hiyo wafundishe kusoma uhariri. Haya manne yanapimika kwa saa na karatasi:

Sauti. Wakati wa mapigano, sikiliza pumzi, redio na minong'ono vinatoka upande gani. Upande unaosikia pumzi zake ndio uliowekwa ndani yake. Adui huwa na kelele za pamoja tu.

Maandishi ya tafsiri. Adui anaongea kwa lugha yake: maneno yake yametafsiriwa chini ya picha, au yameachwa kama kelele? Hesabu sentensi zilizotafsiriwa.

Kifo. Kwa kila anayekufa andika sekunde ambazo kamera inabaki naye, kama uso unaonekana, na kama muziki unabadilika. Baada ya dakika kumi tofauti hujionyesha yenyewe, huna haja ya kuhubiri.

Sababu. Adui anatenda kwa lengo gani, na nani analieleza? *Black Hawk Down* ina mazungumzo mafupi ya Firimbi na rubani aliyetekwa ambapo Msomali anatoa hoja yake. Yape haki yake. Ukiyaficha, na wewe umefanya uliyokuwa unayashutumu.

Ratiba. Filamu ya kwanza ina dakika 144, ya pili 123, kwa hiyo zote mbili hazitoshi kwenye saa tatu. Usionyeshe hata moja nzima. Dakika tano za ufunguzi wa *Black Hawk Down*, kisha washa taa na uwape karatasi yenye tarehe za 1993 pamoja na Julai 12, wajaze wenyewe lipi limerukwa. Kisha dakika kumi za mapigano mtaani kwa vikundi vinne, kila kimoja kipimo chake. Kisha maandishi ya mwisho. Mapumziko. *Wolf Warrior 2*: tukio la manowari, bendera, pasi, jumla robo saa, na vikundi vibadilishane vipimo. Karibu saa nzima itabaki ya mazungumzo.

Kinachoharibika mara nyingi: kipande cha mapigano kikizidi dakika kumi na mbili watu wanaacha kuhesabu na kuanza kushangilia. Hiyo ni kazi ya filamu, imetengenezwa ifanye hivyo. Rudia kipande kilekile bila sauti kwa dakika mbili, hesabu itarudi. Na wape hesabu kabla ya kuwaambia filamu inatoka nchi gani, kwa wale wasioijua. Wakishajua wataona walichokuja kukiona.

Usitumie nakala zilizotiwa sauti na ma-DJ kwa kazi hii. Sauti ya Kiswahili hufunika redio, pumzi na maandishi ya mwanzo, vipimo vitatu kati ya vinne vinakufa.

---

Vugiri

Mfano wa kwetu upo, na ni wa mapema. Kati ya 1935 na 1937 kulikuwa na mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment hapa Tanganyika, makao yake Vugiri katika milima ya Usambara, kwa fedha za Carnegie Corporation. Zilitengenezwa filamu kama 35 juu ya kilimo, afya, kodi, akiba ya posta. Hazikuwa za vita, lakini njia ndiyo iliyorithiwa: lori lenye projekta linafika kijijini, skrini inatandazwa, sauti inapigwa kutoka kwenye santuri kwa lugha ya mahali. Vita ilipoanza 1939 Uingereza ikaunda Colonial Film Unit ili kuwaeleza Waafrika vita hiyo na kwa nini waiunge mkono. Magari ya sinema yalizunguka makoloni. Kanuni zao za uhariri zilidhani Mwafrika hafuati picha za haraka, basi kila kitu kiende taratibu, bila ujanja wa kamera. Ukilinganisha na leo, serikali zimegundua kwamba kasi ndiyo inayozuia maswali.

Kuhusu ma-DJ nampinga Mhariri wa Usiku kwa jambo moja. Kwa hesabu za vipimo yuko sahihi, hazifai. Lakini kwa swali la propaganda kumfikia nani na ikiwa imegeuka nini, hakuna nyenzo bora zaidi. Kwenye kibanda umiza mtazamaji hapati mswada ulioidhinishwa Los Angeles. Anapata msimulizi wa Kiswahili anayempa adui jina la utani, anayefupisha hotuba ya jenerali kuwa matusi mawili, anayempa huruma amtakaye. Tenga dakika tano za mwisho: kipande kilekile cha mapigano, mara hii kikiwa na sauti ya DJ.

Januari 2002 *Black Hawk Down* ilionyeshwa Mogadishu kwa nakala ya wizi, na waandishi wa habari waliokuwepo waliripoti watazamaji wakishangilia kila helikopta ilipoanguka. Filamu ileile, maandishi yaleyale, helikopta nane zilezile za Pentagon.

---

Riili Kumi na Sita

Kurunzi, ile asilimia 500 usiiweke kwenye tangazo. Inanakiliwa kutoka makala hadi makala bila chanzo, na takwimu za uandikishaji za miaka ile hazionyeshi ongezeko la namna hiyo. Fikiria pia: idadi ya wanajeshi wa Marekani hupangwa kila mwaka na Bunge lao, na vyuo vya mafunzo vina vitanda vya kuhesabika. Waombaji wakizidi mara tano, hakuna pa kuwaweka. Kilicho salama kusema ni kwamba jeshi la majini liliweka meza za kuandikisha kwenye baadhi ya kumbi mwaka 1986.

Ukitaka tangazo lenye ushahidi, tumia lile koti analovaa stelingi wa *Maverick*. Kwenye kionjo cha 2019, wakati kampuni ya mtandao ya Tencent ya China ilikuwa miongoni mwa wawekezaji, bendera za Japani na Taiwan mgongoni zilikuwa zimebadilishwa. Tencent ikajitoa, na filamu ilipotoka 2022 bendera zimerudi. Weka picha mbili za koti hilo kando kwa kando, andika chini mwaka na nani alikuwa analipa, na saa ya mjadala. Watakuja.